Koti Lenye Bega Langu

Aline mwanangu, uliye Liège huko Ubelgiji, au popote unapoamkia siku hizi,

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Kinyarwanda ni lugha ya mezani, ya baba yako. Kiswahili kilikuwa chetu sisi wawili, cha chumba cha cherehani, kwa sababu mimi nilikulia Goma, ng'ambo ya mpaka, na wateja wangu wengi bado wanatoka huko. Baba yako anakielewa akikisikia sokoni, lakini kukisoma kunamchosha baada ya mistari miwili. Barua hii naweza kuiacha wazi juu ya meza ya kukatia, naye ataweka kikombe chake juu yake bila kuuliza kitu.

Koti ulilonitumia limefika. Nilikuambia kwenye simu kwamba ni zuri, ukafurahi, tukaagana. Mengine sikukuambia. Nimeyaandika kwenye shajara yangu, kila jambo na tarehe yake, kama unavyonijua. Lakini shajara haijibu, na mimi nataka kujibiwa.

Nianze na yale nisiyo na shaka nayo.

Unakumbuka harusi ile kando ya ziwa, ulipokuwa bado na sare za shule? Bibi mmoja kutoka Kigali alivaa gauni la kijani, akawaambia watu wote wa meza yetu kwamba limetoka kwa mbunifu mkubwa wa Paris. Mimi na wewe hatukula vizuri siku ile. Tulitaka kujua gauni linafungwa wapi. Mbele hapakuwa na kitu, mgongoni hapakuonekana kitu. Ukaangusha kijiko nyuma ya kiti chake, ukainama kukiokota, ukakaa huko chini muda mrefu kuliko kijiko chochote kinavyohitaji. Uliporudi macho yalikuwa yamekutoka.

"Mama, zipu haiko mugongo! Iko kwa mbavu, imefichwa ndani ya mushono."

"Kaa. Kula."

"Na bitana iko ya hariri. Nimegusa."

"Umegusa?"

"Kidogo tu. Amefikiri iko paka."

Nilicheka mpaka baba yako akanikanyaga mguu chini ya meza. Asubuhi yake tukatandaza patroni zetu sakafuni, zile karatasi za kukatia nilizozikusanya kutoka magazeti ya zamani ya ushonaji ya Kifaransa. Hatukuwahi kukata nguo kutoka hewani. Tulitafuta patroni iliyo karibu na tulichokiona, tukaisogeza: hapa tunafunga, pale tunafungua, zipu tunaihamishia mbavuni, upindo tunaushusha. Gauni la kijani tukalishona upya kwa kitambaa cha kwetu, likavaliwa na mwalimu mmoja wa Nyakiriba siku ya kuposwa kwake. Nakumbuka alivyoshuka kwenye pikipiki mbele ya mlango wetu, akakataa kukaa kwenye benchi asije akalikunja.

Na unakumbuka siku ya lebo. Mama Solange, jirani yetu, alikuwa amerudi kutoka Goma kwa Petite Barrière, ule mpaka mdogo, kama kila siku, amevaa blauzi tatu za mitumba ya caguwa moja juu ya nyingine asilipie ushuru, jasho linamtoka. Akaingia kwangu kuzivua, na kutoka kifuani akachomoa utepe mrefu wa lebo za majina makubwa, zimekunjwa kama sambusa.

"Mama Aline, shona hii kwa shingo tu. Bei inapanda palepale."

Wewe ulishanyoosha mkono. Mimi nikaukunja ule utepe, nikamrudishia. Nilimwambia kwamba umbo la nguo nimeliona kwa macho yangu, kwa hiyo ni halali yangu, lakini jina sijapewa na mtu.

"We uko mushonaji ao padri?" akauliza.

Alipoondoka uligombana nami mpaka saa ya chakula. "Lakini mama, watu wanalipa jina. Mushono hawalipi." Nilikuambia kwamba anayelipa jina atarudi kulalamika kwa jina, na mlango atakaobisha ni wangu. Ukarudi kukata nyuzi. Sikujua kama ulikubali au ulichoka.

Sasa koti.

Lilipofika Mama Solange alikuwa hapa, bila shaka, maana yeye anasikia harufu ya kifurushi tangu mpakani. Nilipolifungua akalinyakua, akasoma lebo ya shingoni herufi kwa herufi. Ni lile jumba la mitindo la Paris tulilokuwa tukitazama makoti yake kwenye magazeti, wewe na mimi, na kuyachora.

"Ehh! Hii koti iko ya bei. Mutoto amepata bwana, we unatuficha."

"Hakuna bwana. Anasoma."

"Bon. Kama hakuna bwana, iko kazi. Kama hakuna kazi, iko mwizi. Chagua."

Alikuwa anatania. Mimi sikuweza kucheka. Nilikupigia simu nikakuuliza umelinunua wapi.

"Dukani, mama. Ilikuwa soldes, walipunguza bei."

"Duka gani?"

"Eh mama! Unaniuliza kama mutu ya duane!"

Kweli nilikuuliza kama mtu wa forodha. Nilikuwa nimeanza kumshuku mwanaume, mtu mzima mwenye pesa anayewanunulia wanafunzi makoti na ya mama zao. Kisha nikashuku kwamba koti ni la bandia na umeuziwa kama la kweli. Nilitembea na shaka hizo mbili siku kadhaa, nikiwashonea watu sare na mapazia, nikijichoma kidole.

Mwishowe nikafanya ninachojua kufanya. Nililigeuza nje ndani, nikalilaza mezani, nikatoa patroni ya koti langu la zamani, lile tulilolishona pamoja mwaka wako wa mwisho wa sekondari. Unakumbuka ulivyonipima? Ulisimama nyuma yangu na utepe mdomoni, ukasema, "Mama, bega ya kuume iko chini. We uko nyumba yenye kuinama." Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilivunjika bega hilo utotoni, nikadhani lilipona likasahau. Tukaipasua patroni begani, tukaishusha upande mmoja, tukaigandisha kwa gundi ya karatasi.

Niliiweka juu ya koti la Paris, Aline. Ikalala sawasawa. Bega la kulia liko chini, kwa kiasi kilekile.

Nikajiambia labda ulilinunua ukalipeleka kwa fundi alirekebishe. Basi nikatafuta. Bega lililofumuliwa na kushonwa tena huacha matundu ya sindano ya zamani, hata ukipiga pasi mara ngapi. Nilikwenda dirishani nikalishika mwangani. Hakuna tundu hata moja. Kitambaa kile kilikatwa kwa bega langu tangu mwanzo. Nikakumbuka kwamba wiki ya kuondoka uliinakili patroni ile kwenye karatasi nyembamba, na nilipokuuliza ya nini ukasema, "Nikikukumbuka nitaitandika kitandani." Nilidhani ni mzaha wa mtoto anayeogopa kusafiri.

Kwa hiyo umelishona wewe. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Ile kola, mwanangu, mimi siwezi kuishona. Imegeuka yenyewe, imelala shingoni kama imeambiwa. Niliipitisha kidole mara nyingi.

Lakini furaha haikukaa. Ungeniambia "Mama, nimekushonea," ningelia hapo hapo, nawe unajua. Kwa nini ufiche jambo ambalo ndilo lingenifurahisha zaidi? Kwa nini soldes? Kwa nini jina lile shingoni, wewe unayejua nilichomwambia Mama Solange? Na kola kama ile haishonwi chumbani kwa mwanafunzi na sindano ya mkono. Ile ni kazi ya mashine nzito na pasi ya mvuke, na ya mkono unaofanya hivyo kila siku, kutwa.

Ndipo nikakupigia saa ambayo umeniambia siku zote kwamba uko darasani. Sikutegemea upokee. Ukapokea.

"Niko kwa couloir ya shule, inje ya darasa, mama, sema mbio."

Nikakuuliza umekula nini. Sikuwa na swali lingine. Nyuma yako kulikuwa na mngurumo.

"Iko nini hiyo?"

"Hiyo? Mashine za kufulia."

"Shuleni?"

"Donc, karibu na shule. Mama, nakuita jioni."

Jioni hukupiga. Aline, mimi nimeishi na cherehani kabla wewe hujazaliwa. Mashine ya kufulia inazunguka tu. Ile niliyoisikia ilikimbia, ikasimama kidogo kama mtu anayegeuza kitambaa kwenye kona, ikakimbia tena. Ikafuata nyingine, na nyingine mbali zaidi. Nilikuwa nasikia chumba kizima cha washonaji, na mwanangu katikati yao akiniambia uongo kwa haraka.

Tangu siku hiyo nasoma kila kitu chako upya. Picha uliyotuma mbele ya maktaba, mbona umevaa nguo ileile ya picha ya mwaka uliopita? Rafiki yako unayesoma naye, mbona kwanza alikuwa Mkameruni, sasa ni Mreno? Labda ulifeli, ukaona haya. Labda karatasi zako za ukaazi zimekwisha, na mwenye karakana hiyo anakushikilia kwa sababu anajua huwezi kulalamika popote. Hilo ndilo linaloniamsha. Labda pia ni kazi ya kujisaidia tu, nawe unasoma vizuri, na mimi ni mama mwenye kichwa kibaya. Ningependa sana kuwa mama mwenye kichwa kibaya.

Sikumwambia baba yako. Koti nililivaa kanisani mara moja, kwa sababu aliniomba. Alitembea upande wangu wa kushoto, akisalimiana na watu ambao hatusalimiani nao. Mtu akiushika mkono wa koti, yeye ndiye anajibu: "Limetoka kwa binti yetu, yule anayesomea famasia." Mimi nilifunga skafu shingoni ingawa jua lilikuwa kali, ili lebo isionekane. Sikuweza kuifumua. Nilishika mkasi mdogo nikauweka chini. Aliyeishona ndiye atakayeifumua, na kabla ya hapo aniambie ilikuwa ya kumdanganya nani: mimi, baba yako, au majirani.

Sasa kimetokea kingine, ndiyo maana siwezi kuendelea kusubiri. Wiki iliyopita baba yako aliingia chumba cha cherehani, kitu ambacho hafanyi, ameshika simu yake kwa mikono miwili. Alikuwa na picha ya suti, ya mbunifu mmoja wa Italia, rangi ya majivu, kola nyembamba.

"Unaweza kunitolea kama hii?" akaniuliza.

Nikamuuliza ya sherehe gani. Akaniangalia kama nimepotea. Ya kumaliza kwako masomo. Anataka kualika watu wa kanisa na wa ofisini kwake, watoe shukrani hapa nyumbani siku hiyo, huku wakikutazama kwenye simu ukipewa cheti. Amekwisha kumwambia mchungaji. Amesema baba wa mfamasia hawezi kukaa mbele ya watu na suti aliyofungia ndoa.

Nilitafuta patroni iliyo karibu, nikaisogeza. Nyembamba kiunoni, ndefu kidogo nyuma. Wakati wa kumpima alivuta pumzi akatoa kifua, nikamwambia apumue kama kawaida, akasema ndivyo anavyopumua. Ungemwona. Nilikuwa na utepe mkononi na maneno yote mdomoni, nikaandika vipimo vyake tu. Yeye akijua kwangu, atajua shaka tu. Lazima ajue kwako, ajue kitu cha kweli.

Nikuambie ninachoweza kukibeba. Kama umeacha famasia ukashika mkasi, nitakasirika, nitanyamaza siku kadhaa, kisha nitakuuliza ile kola uliigeuzaje. Kama umefeli, utarudia au utarudi. Chumba chako kina vitambaa vya Mama Solange lakini vitaondoka. Kama kuna mtu amekushika huko, niambie jina la mji, jina la barabara, nitamtafuta mchungaji, balozi, shetani mwenyewe. Nisichoweza ni kusimama sebuleni kwangu nimevaa koti lako, watu wakiimba, baba yako akilia kwa furaha, na mimi peke yangu nikisikia mashine zile.

Usinipigie kuniuliza nani kaniambia. Hakuna aliyeniambia. Na usinitumie kitu kingine chochote. Niandikie mahali unapoenda kila asubuhi, na mlango unaoingia.

Suti ya baba yako imekatwa. Nimeipiga bandi tu, uzi mweupe, mishono mirefu ambayo mtu anaivuta kwa mkono mmoja ikatoka yote. Kila jioni anachungulia mlangoni akiuliza mbona haiendi mbele, nami ninamjibu kwamba nasubiri vifungo. Vifungo viko hapa mezani. Niambie, Aline, nishone au nifumue?

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama