Debe la Kwanza Hudanganya

Mume wangu Hamisi,

Huku Nambilanje tu wazima. Babu yako anabishana na redio kuhusu mpira, na redio inashinda.

Umeniuliza kama prosesa ya laptop mpya itaizidi ya kompyuta yako ya zamani ya mezani. Kuuliza kabla ya kununua, hiyo ni damu yangu!

Mimi najua mashine za kusaga tu. Wakati wa usichana wangu, kijiji kilitakiwa kuchagua moja kati ya mbili, kubwa ya zamani au ndogo mpya. Wazee walisikiliza mngurumo wakasema, "Kubwa!" Lakini mikono iliyotwanga ilikuwa yetu wanawake, basi nikazipa zote mahindi sawasawa. Ndogo ikaongoza.

"Haya, ndogo!" wazee wakasema.

"Ngojeni," nikasema, "debe la kwanza hudanganya."

Kufika debe la nne, ndogo ikapata moto, ikapunguza mwendo, lakini bado ikamaliza mbele. Tukaichukua, tukaijengea kivuli.

Nawe zipe kompyuta zote mbili video ile ile ya kuhariri, ukae mpaka mwisho.

Mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule husema mashine ile aliichagua yeye. Namwachia. Kuku hutagia mayai ndani ya kinu changu tangu siku ile.

Mkeo wa uzeeni,
Bibi Zainabu