Kila mutu na mafuta yake

Yaya Monique, dada yangu mukubwa, nakusalimia toka Kolwezi, kwenye vumbi nyekundu inaingia mpaka mu sahani ya bukari.

Leo munganga alitengeneza goti yangu. Alivuta mafuta kidogo mu tumbo yangu na seringe, ile bomba ya sindano. Akaiunganisha na seringe ingine, katikati akatia kachujio kadogo ka chuma. Akasukuma kule, akarudisha huku, mara mingi, mpaka mafuta ikalainika sawa uji ya mutoto. Kisha akanidunga nayo mu goti.

Nikamuuliza: "Inaweza kulainisha kovu ya moto?"

"Inasaidiaka, kidogo kidogo."

"Basi vuta ingine, ya yaya yangu. Mukono yake haikunjuke tangu utoto."

Akacheka: "Tata, hii mafuta bantu habapeane. Kila mutu na mafuta yake."

Yaya, ile sufuria ya mawese ya moto haikukumwangikia bure. Mi njo nilikusukuma, kisha nikaambia mama ulikuwa unacheza. Akakugombeza na mukono ingali inaungua, mi nikanyamaza mpaka leo. Nisamehe.

Kuja, munganga akuone. Hata mukono ikikataa kukunjuka, bukari mi njo nitasonga.

Mudogo yako,
Fidèle