Dawa ya Kupe Nyeupe Kama Maziwa

Baba yangu mpendwa,

Leo nimemkuta jirani anamimina dawa ya kupe kwenye chupa ya soda. Nikamfokea mbele ya wageni wake. Wewe ungenielewa.

Unakumbuka miaka ile ya tisini, tulipokuwa bado wageni huku Mpanda, na ng'ombe tuliotoka nao Usukumani wanasumbuliwa na kupe? Ulikuwa umemaliza kunyunyizia ndama. Dawa iliyobaki, nyeupe kwa kuchanganywa na maji, ukaitia kwenye chupa ya soda, ukaiweka chini karibu na mlango. Na maziwa ya mwanangu Masanja tulikuwa tunayaweka kwenye chupa kama hiyo hiyo. Mtoto wa miaka miwili angejuaje?

Nilimkuta anatokwa mate, macho yamelegea. Mama akakimbilia kibuyu cha maziwa, jirani mmoja wa wakati ule akataka kumtia kidole kooni. Ukapiga kelele: "Msimtapishe! Msimnyweshe kitu! Nyie hamjaona ndama anavyopaliwa akafa? Leteni baiskeli!"

Ukamvua nguo zilizolowa dawa, ukamfuta mdomo, nikapanda nyuma nimempakata. Sijui ile njia ya vumbi tuliimalizaje. Mwili wake ulikuwa unashtukashtuka mapajani mwangu, nami nilikuwa nakuchukia, baba. Nilikuambia, "Huyu akifa, usinihesabu tena." Ulikanyaga pedali tu, shati limekuganda mgongoni.

Hospitali walipouliza amekunywa nini, ulitoa mfukoni kopo lenyewe la dawa. Daktari alisoma maandishi yake, akaondoka mbio. Tulikaa kwenye benchi mpaka nesi alipotoka: "Mama, njoo, anakulilia." Ukageukia ukuta. Sikuwa nimewahi kukuona ukilia kabla ya siku hiyo.

Baadaye ulipigilia sanduku la mbao juu ukutani, ukalitia kufuli, ukazunguka boma kwa boma ukiwaambia watu dawa ibaki kwenye kopo lake. Walikucheka, wakasema mzee amegeuka bwana afya. Hukujali.

Masanja sasa ana ndevu na watoto. Hata siku zako za mwisho, ulipokuwa hoi kitandani, akiingia tu ulimwekea kiganja kifuani: "Unapumua vizuri, mjukuu wangu?"

Na yeye, mtu mzima, alikuwa anapiga magoti. "Napumua, babu."

Lala sasa, baba. Anapumua.

Binti yako,
Mama Masanja