Mfagiaji wa Orofa ya Saba

Jumatatu, 1 Juni

Leo naanza maisha mapya. Kuna mtihani mtandaoni: unajibu maswali, unaambiwa wewe ni mtu wa aina gani, na kwa hiyo utazame vipindi gani na ujiunge na warsha gani za jioni. Mimi ni Kisima. “Kina chako ni kirefu, wengi huogopa kuchungulia.” Nilijua! Miaka yote nilijua, ila hakuna aliyewahi kuniandikia.

Kisima anashauriwa atazame makala za viumbe na ahudhurie warsha ya uandishi. Kisima asitazame tamthilia. Tamthilia ni za Madimbwi.

Nikamjibia na Mama, bila kumwambia. Mama ni Mshumaa: “Anateketea kimya kimya, anahitaji pumzi.” Hapo wamekosea kidogo. Mama hateketei. Mama amekaa. Tangu Baba afariki, na posta nayo ikamstaafisha mwaka uleule, amekaa kwenye lile kochi la kahawia, upande wenye springi iliyokatika, anatazama Orofa ya Saba. Hoteli, matajiri, mapacha, watu wanaopoteza kumbukumbu kama wengine wanavyopoteza miavuli. Nikirudi kazini husema karibu, shingo haigeuki.

Nimemwandikisha Warsha ya Kupumua kwa Utulivu, ukumbi wa jamii, Jumanne na Alhamisi, saa moja hadi saa tatu. Orofa ya Saba nayo ni Jumanne na Alhamisi, saa mbili. Sadfa tu.

Jumanne, 2 Juni

Amekataa, amenuna, amekwenda. Mlangoni akasema yeye alianza kupumua kabla sijazaliwa na hakufundishwa na mtu.

Ila katoa sharti: nitazame Orofa badala yake, nimsimulie akirudi. Nikamkumbusha kuna marudio asubuhi, saa nne. Akasema tamthilia ya asubuhi ni chai iliyolala.

Saa mbili. Rimoti mkononi mwangu! Nikafungua makala: Kuvu, Maisha Gizani. Sauti nzito, ya polepole. Uyoga unachomoza. Uyoga unazidi kuchomoza. Kitu kilichofuata ni ufunguo mlangoni, na mate yangu kwenye mto.

Mama kasimama mbele yangu, vumbi nyweleni. “Enhe! Daktari kafumbua macho?”

Ningeweza kusema nililala. Kisima hakubali kwamba amelala mbele ya uyoga. Nikasema bado, ila kidole kimetikisika.

“Kidole gani?”

“Cha... cha pete.”

“Cha pete! Unaona? Anamkumbuka mkewe huyo!” Akavuta stuli, akaketi karibu yangu, akiniangalia mimi. Usoni! “Haya, nesi akasemaje?”

Sikumbuki lini mara ya mwisho Mama aliniangalia muda mrefu hivyo. Nikampa nesi. Nikampa na mvua dirishani.

Vumbi lile la wapi, lakini?

Alhamisi, 4 Juni

Mama hapumui! Alikosea chumba. Aliingia mlango wa jirani, akakuta watu wanang’oa misumari kwenye kiti, na fundi, akidhani ni mwanafunzi aliyechelewa, akamtia koleo mkononi. Warsha ya Kuvalisha Makochi. Nikasema kesho nitapiga simu wamrudishe kwenye utulivu. Akasema nikithubutu atanivalisha kitambaa mimi, na misumari juu.

Mshumaa na makochi! Hakuna popote kwenye matokeo.

Kuvu tena. Usingizi tena. Mama aliporudi nilikuwa nimechoka, nikaona mtu akifa hadithi itakwisha mapema. Nikamwamsha Daktari, nikamtumbukiza kwenye tundu la lifti.

Mama akaziba mdomo. “Kazimia tu.”

“Kafa, Mama.”

Akalia. Machozi ya kweli, mpaka kidevuni. Msibani kwa Baba alikuwa akigawa vikombe. Sikumwona akilia, na nimekuwa nikimwekea hilo moyoni. Leo kamlilia daktari niliyemuua kwa sababu ya usingizi. Nilimletea maji. Akaniambia asante mwanangu, siku zote ulikuwa na roho nzuri.

Loo.

Jumanne, 9 Juni

Msiba umeenea. Wanawake wa warsha wote huikosa Orofa, maana saa hiyo wako pale na nyundo. Kwa hiyo Mama huwasimulia nilichomsimulia. Kuna mmoja wanamwita Mama Nyundo, kwa kuwa nyundo yake haishikwi na mtu. Aliposikia habari za lifti aliitupa chini, akasema kijana mzuri vile, hata ile cheni yake ya shingoni hawakumzika nayo? Fundi mwenyewe alivua kofia.

Sasa wanafika mapema ili wamsikie Mama. Mama huyu, ambaye majirani walidhani amehama.

Siwezi tena kurudi nyuma. Nikitazama Orofa ya kweli nitamkuta Daktari mzima, anakunywa juisi. Kwa hiyo sitazami. Natunga. Leo, kwa kukosa watu, nikamchukua mfagiaji. Kwenye tamthilia yenyewe hupita tu mwanzoni na ndoo, wakati majina yanaandikwa. Nikampa sauti. Nikampa ujane. Nikampa tabia ya kuzungumza na viti anavyovipangusa, maana viti havikatizi mtu.

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. “Huyo sasa ni mtu!”

Jumatano, 10 Juni

Warsha yangu. Visima kumi na watano tumekaa duara, kila mmoja anasubiri kuchunguliwa. Mwalimu wetu huvaa skafu hata kwenye joto hili. Moyoni namwita Skafu. Nilisoma hadithi yangu, “Mwanamke Dirishani”. Ukurasa wa kwanza anatazama nje. Ukurasa wa mwisho bado anatazama, lakini kwa uchungu zaidi.

Skafu akauliza: na halafu?

Nikamweleza hakuna halafu, ndiyo maana yake. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema nahariri vijitabu vya maelekezo: mafeni, pasi, televisheni. Akatikisa kichwa kama daktari aliyepata vipimo. Akasema inasomeka hivyo, mtu anasubiri tu aambiwe asitumbukize kifaa majini.

Wakacheka! Visima vyote!

Hana kina yule.

Alhamisi, 18 Juni

Kochi letu limevuliwa nguo. Sebule nzima ni katani, sponji, misumari iliyopinda. Mama hulifanyia kazi mchana kutwa mimi nikiwa ofisini. Nikirudi nakuta mbao tupu na yeye katikati, kipimio shingoni, misumari mdomoni. Chini ya mto wa upande wa Baba kakuta kitana chake. Alikipangusa kwa khanga, akakitia mfukoni, akaendelea kuvuta mkanda.

Siku hizi hasubiri nimalize kusimulia. Anauliza kabla. Leo: “Yule mpishi mkuu hajamwambia kitu mfagiaji?”

Mpishi gani! Hata hakuwepo. Nikamleta haraka. Nikasema ndiyo, amemwambia: anakwenda kusimamia hoteli nyingine, mji mwingine, anataka waende pamoja, kwa kazi.

“Kwa kazi tu?”

“Kwa kazi, Mama. Hilo jingine halijaonyeshwa.”

“Na yeye?”

“Kaomba muda, ila anaelekea kukataa. Kwa ajili ya marehemu mumewe.”

Mama akatema msumari mkononi. “Si kwa ajili ya marehemu.”

“Mimi ndiye niliyetazama!”

“Wewe umetazama, mimi namjua. Yule ana binti nyumbani. Mkubwa, msomi, kichwa kizuri. Lakini ukimwacha peke yake atazungumza na nafsi yake mpaka nafsi imkimbie.” Akaenda kunawa.

Nimeandika hayo kama alivyoyasema. Binti gani? Sikumtia binti mimi.

Jumapili, 28 Juni

Mimi ndiye niliyemtoa Mama kwenye kochi. Mimi! Anayekaa ndani kwa ajili ya mwenzake ni nani hapa? Nimelifikiria jambo hili siku nzima, peke yangu, chumbani, mlango umefungwa.

Jumanne, 30 Juni

Mama Nyundo kapita kuchukua kitambaa kilichobaki. Mama alikuwa bafuni. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema basi wewe ndiye unayetazama. Mwanangu, una macho, wenzako wanaangalia tu. Halafu, kwa sauti ya chini inayosikika nyumba nzima: “Na mama yako akienda, utabaki na nani?”

Aende wapi?

Ikawa yeye ndiye wa kushtuka. Kumbe Fundi amepata kazi ya kuvalisha viti vya hoteli nzima, mji mwingine, mpaka mwaka uishe. Anamtaka Mama awe msaidizi wake mkuu. Mkono wa Mama, anasema, hauachi mkunjo. Alimwambia tangu katikati ya mwezi! Anataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo.

“Na Mama kasemaje?”

Mama Nyundo akacheka. “Kasema atajibu Orofa ikiisha. Anangoja kuona yule mfagiaji ataamuaje. Mama yako ana vituko, jamani!”

Nilicheka pia. Sauti ilitoka kama lile birika la mtindo mpya nililohariri kijitabu chake, ambalo limerudishwa kiwandani.

Alhamisi, 2 Julai

Mama karudi. Stuli. Macho kwangu. “Enhe?”

Nikisema mfagiaji kakubali, Mama anaondoka. Nikisema kakataa, anabaki, na kitana mfukoni, na mimi najua sababu.

Nikasema mfagiaji ameomba muda wa kufikiri.

“Tena?”

“Tena.”

Mama akavuta pumzi ndefu. Labda warsha ile ya jirani ilipenya ukutani. “Mwandishi wa tamthilia hii,” akasema, “mwoga sana.” Akazima taa ya sebule mimi nikiwa bado nimekaa.

Jumanne, 7 Julai

Balaa! Warsha ya makochi imefungwa leo, na wote wanakuja kwetu Alhamisi. Kuona kochi, na kutazama mwisho wa Orofa. Wote! Mama Nyundo, Nesi Mstaafu, wale dada wawili wanaogombania mkasi. Na Fundi.

Mama ataonekana mwongo mbele ya watu pekee waliowahi kumsubiri mlangoni. Wamemlilia Daktari! Na mfagiaji wao hana hata neno moja.

Nimekaa nyuma ya televisheni nikiangalia waya wa antena. Kazini nimehariri “usichomoe waya huu” kwa mifano yote ya televisheni. Leo nimeelewa kwa nini watu wanahitaji kuambiwa.

Sikuuchomoa. Mama alikuwa akipiga msumari wa mwisho, na alikuwa akiimba.

Jumatano, 8 Julai

Skafu ametaka kila mmoja aseme anachoandika sasa. Nikajikuta nawaeleza habari za mjane anayezungumza na viti. Nilipofika kwa mpishi nikanyamaza. Wote wakaniinamia. Skafu, skafu ikiburuta mezani: na halafu?

Nikasema sijui. Nikatoka kabla ya saa.

Leo nilikuwa nimwambie Mama kila kitu. Nilifika mpaka mlango wa chumba chake. Alikuwa anapanga nguo kitandani, rundo moja na rundo jingine. Sikujua lipi la kwenda na lipi la kubaki. Nikaulizia chumvi. Akasema iko jikoni, ilipo kila siku.

Alhamisi, 9 Julai

Naandika nimesimama, jikoni, daftari juu ya friji. Nimesema naleta chai.

Wamekuja. Kochi ni la kijani kibichi, vifungo vimezama sawasawa, springi imepona. Walilipapasa kama mtoto mchanga. Fundi alipitisha kidole gumba pembeni mwa mshono, akamtazama Mama, akatazama kiatu chake. Mama kavaa gauni la harusi za watu.

Saa mbili. Muziki. Majina. Mfagiaji akapita na ndoo, na sebule nzima ikashangilia! Mama Nyundo akapiga vigelegele. Mfagiaji akapita, akaisha.

Halafu lifti ikafunguka, akatoka Daktari.

Mzima. Suti nyeupe. Amenenepa.

Nesi Mstaafu akasema labda ni pacha. Mmoja wa wale dada akasema pacha wake si yule wa bandarini? Kisha Mama Nyundo akageuka, kochi jipya likalia chini yake: “We mama! Si ulituambia kafa?”

Wote wakamwangalia Mama. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

Mama wala hakushtuka. Alikuwa ananyoosha kitambaa cha mkono wa kochi. “Huko kwao mzima,” akasema. “Kwetu alikufa.”

“Kwetu wapi?”

“Kwetu. Kwani ulimlilia nani?” Akachukua rimoti, akaua sauti. Daktari akabaki anachezesha midomo kama samaki. “Hii ya kwao nitaiona kesho saa nne asubuhi, kama nilivyoziona zote.”

Marudio ya saa nne asubuhi. Zote! Misumari mdomoni, peke yake sebuleni, na televisheni mbele yake. Na jioni anavuta stuli. Enhe? Kidole gani?

Kisha akanigeukia, si kwa hasira. Nilitamani hasira. “Binti yangu atatumalizia mwenyewe. Fundi anasubiri jibu lake, na mimi nasubiri langu. Yule mfagiaji kaamua nini?”

Nikasema chai.

Maji yamechemka mpaka birika limejizima. Vikombe viko kwenye sinia. Nasikia Mama Nyundo akisema huyo mtoto kaenda kuipanda hiyo chai? Nasikia Fundi akikohoa. Na sasa kitu kinaburutwa sakafuni: stuli. Naiona kwenye upenyo wa mlango. Mama ameiweka mbele ya kochi, atakayeikalia aipe televisheni mgongo, akarudi kukaa. Si upande wake. Upande wa Baba. Kitana kimo kiganjani.

“Njoo, mama,” ananiita. “Hatukatizi.”