Wakija Kuposa, Usiwafiche

Kisauni, Mombasa

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai presha yako imetulia na wote hapo nyumbani hamjambo. Mimi nipo, alhamdulillahi, ingawa mambo hayakwenda vyema. Nimeona niandike kwa sababu wewe simu huiweka sauti ya juu, na haya sitaki Faza nzima iyasikie.

Nianze na kazi. Mvua zilipokolea, watoto wa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe walishikwa na kuharisha, na maji ya visima vyao yakaletwa maabara kwetu tuyapime. Unajua hii baridi yabisi yangu hunibana zaidi asubuhi. Siku hiyo vidole havikunjiki, hata baibui nilivalishwa na jirani. Nikameza dawa, nikaenda. Nilipoinua trei ya chupa, viganja vikaachia. Zote zikapasuka. Ikabidi maji yakatekwe upya, na majibu yakachelewa huku watu wakiendelea kuyanywa. Mpaka leo sijui wangapi waliugua kwa kuchelewa huko. Mkubwa wangu hakunigombeza. Alinitoa tu kwenye meza ya vipimo, sasa napokea chupa mlangoni na kuandika majina kwenye kompyuta. Miaka yote ile ya kusoma, mama. Nililia chooni kama mtoto.

Athmani ndiye aliyenikuta nikitoka, macho mekundu. Ni yule fundi wa mafriji niliyekutajia, anayetengeneza majokofu ya maabara. Hakuniuliza maswali. Alikaa kando yangu mpaka nikatulia, kisha akasema, "Khadija, mimi nataka nikuoe. Nimlete mama akuone?"

Nikakupigia, nawe ukanishauri nikiulizwa habari ya mkono niseme nimeteguka, mpaka ndoa ifungwe.

Bi Rukia, mamake Athmani, alikuja naye Ijumaa baada ya swala. Jirani alinipikia mahamri na mbaazi. Nilitaka chai niitie mwenyewe, nisionekane mvivu. Chupa ya chai ikanielemea, ikamwagikia leso yake.

"Khadija!"

"Abee, mama. Niwie radhi."

"Huo mkono una nini?"

Neno lako lilikuwa mdomoni, wallahi. Lakini nilimtazama Athmani nikaona siwezi kuanza naye hivyo. Nikasema, "Nina baridi yabisi. Daktari amesema haiponi, hutulizwa tu."

Bi Rukia akakunja leso yake iliyorowa. "Mimi nimemuuguza babake mpaka kaburini. Sitaki mwanangu aoe kitanda cha mgonjwa."

Sikumchukia, mama. Niliona machoni mwake kwamba anaogopa. Lakini Athmani aliinamisha kichwa, asiseme hata neno, wakaondoka pamoja. Kimya chake kiliniuma kuliko viungo vyote. Siku zikapita bila salamu. Nilijua yamekwisha, nikawa naenda kazini na kurudi kama mtu aliyefiwa.

Juzi nikamkuta langoni mwa maabara, amekonda.

"Siku ile niliogopa," alisema. "Ningeropoka, ningemvunjia mama heshima mbele yako. Nimezungumza naye kila siku. Hajakubali, na amesema hatakwenda kwenu Faza kuposa. Nitakwenda na ami yangu, kama wewe hujanikataa."

Nikamwambia yote. Kwamba vidole vimeanza kupinda. Kwamba huenda nikaja kuachishwa kazi kabisa. "Na siku nitakayoshindwa kupika?"

"Nitapika mimi. Hakitakuwa kitamu, lakini tutakula."

Nilicheka, mama, mara ya kwanza tangu zile chupa. Kisha nikalia tena, maana najua naingia nyumba ambayo mama mkwe hanitaki, na mwili huu hautanisaidia kumgeuza moyo.

Watafika wiki ijayo inshallah. Ami yake ni mzee wa taratibu, atakuuliza habari zangu. Najua uliyoniambia yalitoka kwenye mapenzi. Lakini usimwambie nimeteguka. Mwambie, "Mwanangu anaumwa, wala hatapona," kisha umwache ajibu. Akiinuka aende zake, mpe kahawa kwanza. Mimi nitajua la kufanya.

Nisalimie bibi Mwanamkuu, mjomba Shee muadhini wetu, na dada Zainabu pamoja na kichanga wake, ambaye nina hamu ya kumpakata. Niombee dua.

Mwandiko ukiuona umepinda huku mwisho, usidhani nimeandikiwa. Nimepumzika mara nyingi, lakini ni mkono wangu mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Khadija