Kile Kitanda cha Uani Nilichowasifia

Jumapili, baada ya alasiri. Hakuna upepo hata wa kutikisa jani la mwarobaini, nguo imenigandia mgongoni, na nimekoga mara tatu tangu asubuhi. Ile mara ya tatu haikuwa kwa sababu ya joto.

Nina kinyaa. Nimetafuta neno lenye adabu zaidi nikalikosa.

Mnaonisoma hapa mnajua ninavyopenda vitu vilivyokwisha kutumika. Uani kwangu hapa Kisauni hakuna kipya ila mimea. Mwavuli mkubwa ulitoka kwenye hoteli iliyofungwa. Viti viwili vya henzerani niliviokota vimetoboka makalio, nikavisuka upya mwenyewe. Asumini langu limo ndani ya karai kuukuu. Msimu huu nyumba huwa tanuri, kwa hiyo mimi na mume wangu Athman tukishaswali alasiri huhamia nje mpaka magharibi. Kula nje, kusoma nje, kulala usingizi mfupi nje.

Na wiki mbili zilizopita niliwaandikia kuhusu kitanda.

Nimeisoma tena ile makala leo na uso umenipasuka kwa haya. Niliwaeleza kwamba ni mbao za mbambakofi, nzito, zimepangwa kwa nafasi ya kidole baina yake. Kwamba kina ukingo pande zote, kimeinama kidogo upande wa miguuni, na kando yake kuna mfereji mwembamba unaoishia kwenye tundu. Muuzaji wangu, bwana mmoja aitwaye Kombo mwenye kibanda Changamwe, njia ya kwenda Chaani, aliniambia ni kitanda cha kupunga upepo cha matajiri wa zamani. Mteremko na tundu, alisema, ni vya kutolea maji ya mvua, kwa kuwa kilikaa nje mwaka mzima.

Nikaona maneno yana akili. Siku hiyo hiyo nikachukua na jagi la enameli, jeupe lenye ukingo wa buluu, nikaja navyo nyumbani kama mwenye harusi.

Nilikipiga msasa. Nikakipaka mafuta ya nazi kwa kiganja, ubao kwa ubao. Nikakishonea mto mrefu kwa kitambaa cha pazia. Kila siku nililala juu yake, shavu kwenye mbao, kwa sababu mbao zilikuwa na ubaridi mzuri. Tulikula juu yake. Siku moja ukwaju wa viazi vya karai ulimwagika, ukateremka wenyewe kwenye mfereji, nami nikacheka kuona jinsi mafundi wa zamani walivyofikiria kila kitu. Nikaupangusa kwa kidole.

Kidole nikakiramba.

Ijumaa alikuja Shangazi Maimuna kutoka Timbwani. Ni dada wa marehemu babangu, na ni muosha maiti. Tangu mimi msichana, mwanamke akifariki mtaani kwao Likoni, Shangazi huitwa. Halipwi, wala hajapata kutaka kulipwa. Nilimtolea shikamoo, nikampeleka uani kwa majivuno, nikaweka sahani ya viazi na birika la chai juu ya kitanda, nikamkaribisha akae.

Hakukaa. Aliinama, akapapasa upande wa ndani wa mguu mmoja wa kitanda. Kisha akaondoa sahani, akaiweka chini sakafuni. Akaondoa na birika.

"Zuena."

"Abee, Shangazi."

"Hiki umekitoa wapi?"

"Changamwe. Ni cha kale, Shangazi. Cha kupunga upepo."

"Cha kupunga upepo," alirudia taratibu. "Mwanangu, hiki ni kitanda cha kuoshea maiti. Ni chetu cha Timbwani. Mguu huu ulipasuka, nikaupigilia kibati mimi, kwa mkono wangu. Kipapase."

Nilikipapasa. Kibati kilikuwepo. Nilikuwa nimekipiga msasa mwenyewe mpaka kikang'aa.

Athman alikuwa amekalia ncha ya kitanda, kiazi mdomoni. Hakukimeza wala hakukitema. Alisimama, shavu moja limevimba, akaingia ndani.

Mimi nilihisi ngozi yangu yote ikitaka kunitoka. Nilijifuta shavu kwa leso, nikajifuta tena, kisha nikaanza kujifuta ulimi. Shangazi alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto akilia kwa kuumwa na sisimizi, halafu yeye, wallahi, akakaa juu yake.

"Wafanya nini wewe? Maiti wa Kiislamu si najisi. Aletwa hapa, aoshwa, atiwa kafuri, aondoka akinukia kuliko sisi tulokaa hapa. Kiliwekwa nyuma ya msikiti tulipopata cha chuma. Alopewa kazi ya kusafisha akakibeba pamoja na mabati mabovu. Basi."

"Nakichoma," nikasema. "Leo hii nakichoma."

"Huchomi kitu."

Na hapo, sijui nani alinisukuma, nikauliza swali ambalo tangu niliulize sijapata raha.

"Na mamangu je?"

Shangazi aliusogeza mto. Akaweka kiganja kwenye mbao, upande wa kichwani.

"Na mamako. Kichwa chake kilikuwa hapa."

Sasa niandike lile ambalo sijapata kumwandikia mtu.

Mamangu alifariki huko Timbwani miaka minane iliyopita. Alikuwa na sukari, na mwisho mguu ulikuwa na kidonda kisichofunga. Watu walinisifu sana msibani kwa subira yangu. Siku ile Shangazi aliniita niingie kumwosha, kwa sababu binti ndiye mwenye haki ya kwanza. Aliniita mara tatu. Nilikuwa jikoni kwa jirani, najifanya nasimamia maji yapate moto. Maji yalikuwa yamechemka zamani. Baadaye nilisema nilishikwa na homa, na kila mtu akanihurumia.

Sikuwa na homa.

Nilimwonea kinyaa mamangu.

Ile harufu ya kidonda. Miezi yote ile nilikuwa nikimfunga bandeji nikipumua kwa mdomo, na nikitabasamu ili asijue. Nadhani alijua. Alipokufa nikasema moyoni, sasa basi, kidonda kile sitakigusa tena. Hilo ndilo lililonijia kwanza, kabla ya machozi.

Shangazi hakunilaumu Ijumaa. Alinywa chai yake akiwa amekaa palepale, akaniambia mamangu alikuwa mwepesi, kwamba walimgeuza watu wawili tu, na kwamba kidonda walikifunika kwa pamba wakakiosha mwisho, polepole, kama vile bado kinauma. Nilisikiliza nimesimama karibu na asumini. Sikuweza kusogea karibu. Alipoondoka niliingia bafuni nikatapika viazi vyote.

Jana asubuhi nilikwenda Changamwe. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri.

Kombo alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake katikati ya mabembea yenye kutu na vitanda vya pwani vya plastiki, anakula mahamri. Aliponiona tu, alijua. Aliacha kutafuna.

"Kimevunjika?" akauliza.

"Unajua nilichokujia."

Akajifuta mafuta kwenye suruali. "Dada, mimi ningekwambia kweli, ungekichukua?"

"Kwa hiyo ulijua!"

"Nilijua tangu kilipoletwa. Mke wangu alikataa kisilale hata usiku mmoja nyumbani, nikakiweka huku nyuma. Mimi mwenyewe sijakikalia." Alisema hivyo kama anayejisifu kwa uangalifu wake. "Lakini mbao ni mbao. Wewe umekifanya kizuri, nilikiona kwenye simu. Nikasema, maskini, kimepata mwenyewe."

Alikuwa amenisoma. Alikuwa ameniona pichani nimelala juu yake, nimeweka shavu, akacheka au hakucheka, sijui, akaendelea kula mahamri yake.

Nikamwambia aje akichukue. Akatikisa kichwa upesi. "Hicho sikirudishi. Nakiogopa, dada, nisikufiche." Halafu, kwa sauti ya mtu anayefanya wema, akaongeza: "Na lile jagi? Ulinywea? Maana vilikuja pamoja, mzigo mmoja."

Jagi. Lile jeupe. Wiki mbili nzima tulikuwa tukitilia maji ya ndimu.

Nilitapika pale pale, kando ya barabara, malori ya kontena yakipita na watu wakitazama. Kombo alinikimbilia na chupa ya maji. Sikuipokea. Sikutaka kupokea chochote kutoka mkono ule, na nilimwambia hivyo, pamoja na maneno mengine ambayo Shangazi asingependa kuyasikia. Alisimama na chupa yake akionekana ameonewa. Hilo lilinichefua kuliko matapishi yangu.

Lakini njiani kurudi nilikuwa nikimtukana kimoyomoyo, na kila tusi lilikuwa likinigeukia. Yeye alikiogopa kitanda ambacho hakikumlaza mtu wake. Mimi je?

Shangazi alinipigia simu nikiwa bado safarini. Alikuwa ameshaamua kila kitu. Mwakirunge, alisema, kuna wanawake wanaooshea maiti wao juu ya mlango. "Mlango wa choo ulong'olewa, Zuena. Wauweka juu ya mawe. Kesho twawapelekea chao."

Basi leo tumekwenda. Athman aliazima gari la mizigo la rafiki yake. Alivaa glavu za bustani kukipakia, na sikumcheka, kwa sababu mimi nilikishika kwa leso. Jagi nililifunga ndani ya mifuko mitatu. Shangazi, na miaka yake sabini, ndiye aliyeshika mguu kwa mikono mitupu.

Mwakirunge jalala linafuka moshi mchana kutwa. Harufu ilituingia kabla ya kufika, nikafunika pua. Wanawake wanane walikuwa wakitungoja nje ya nyumba ya Bi Mwanajuma, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu shambani. Hakuna hata mmoja aliyefunika pua. Niliona, nikashusha leso, nikaona nitazirai, nikaipandisha tena.

Walikishusha kitanda wakakizunguka. Walipapasa mbao. Mmoja alinusa vidole vyake akasema kinanukia nazi, akauliza nani amekitunza hivi. Shangazi akanionyesha kwa kidevu. Niliona haya. Sikukitunza kwa ajili yao.

Bi Mwanajuma akataka kujua kama kina nguvu. Kabla ya kujibiwa alivua ndara, akapanda, akalala chali katikati ya ua, mikono ubavuni, macho amefumba. Wenzake wakapiga kelele.

"Mama we! Shuka, usijiitie!"

"Nyamazeni," akasema bila kufumbua macho. "Miye ndiye mzito kuliko nyote. Kikinichukua mimi, kitamchukua kila mtu." Akajigeuza ubavu. Kitanda hakikulia hata kidogo. "Haya. Na hapa maji yatapita vizuri, hayatarudi kwa mtu mgongoni. Kwenye ule mlango yalikuwa yakituama. Nilikuwa nikiona vibaya sana, wallahi. Mtu amekufa, na bado alale kwenye maji machafu!"

Alilisema kwa hasira ya kweli. Nilimtazama na nikaelewa kuwa na yeye ana kinyaa, labda kikali kuliko changu. Ila chake kilimtuma asogee, akatafute maji zaidi. Changu kilinipeleka jikoni kwa jirani.

Waliliosha jagi mbele yangu, wakaliweka juani. Walituletea chai ya tangawizi. Niliitazama kwa muda mrefu. Athman alisema amefunga, siku ya Jumapili, bila haya. Mimi niliinywa. Sitasema niliifurahia. Kila funda lilisimama kooni likanitazama kabla ya kushuka.

Tulipokuwa tukiaga, Bi Mwanajuma alinishika kiganja, akakigeuza akakikagua kama anayenunua samaki.

"Na wewe waosha?"

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Najua alisikia, kwa sababu aliacha kutafuta ndara zake.

Nilitaka kusema hapana. Hapana ndiyo kweli.

"Bado," nikasema.

"Jumamosi baada ya adhuhuri twafundisha. Twatumia mtu hai, hatuna maiti. Mimi ndiye nalala." Akacheka, akaniachia mkono. "Njoo na leso ya pili. Hiyo ulojifunikia pua hutaihitaji, lakini njoo nayo."

Sijui kama nitaweza. Nimekaa uani naandika, na pale kilipokuwa kitanda pamebaki alama nne za miguu kwenye sakafu. Athman ameshazimwagia dawa ya kuua wadudu. Nikiwaza Jumamosi, natamani kwenda kukoga mara ya nne, kabla hata ya kugusa kitu.

Lakini nimemwambia Shangazi anipitie saa nane.