Amina Iliyochelewa

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Vidunda tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Umeuliza kwa nini kanisani kwetu tukishasema Amina tunabaki tumesimama kidogo.

Nilipokuwa msichana, mjane mmoja, Mama Yohana, alikuwa mzito wa kusali. Amina yake ilikuja peke yake, nyuma ya zetu, nasi wasichana tulimcheka. Jumapili baada ya kumzika, ukungu ukiwa umefika mlangoni, tulisema Amina. Kwenye benchi lake tupu ikasikika nyingine, taratibu.

Katekista alisema tu, “Msiketi. Mwenzetu hajamaliza.”

Mpaka leo tunamsubiri.

Siku hizi mimi ndiye ninayechelewa. Ukija Pasaka usinikute, usiketi upesi.

Bibi yako